Huu Mkojo ni wa Nani?

Nilifanya kazi katika maabara za hospitali tangu ujana hadi kustaafu, na kwa miaka yote hiyo swali la kwanza pale dirishani lilikuwa lile lile: hii chupa ni ya nani? Likifuata la pili: umekojoa saa ngapi, na chupa imekaa wapi tangu hapo? Wagonjwa huona ni usumbufu. Lakini mkojo uliotolewa alfajiri ukaachwa juani hadi adhuhuri umeshageuka uji wa bakteria, na chupa isiyo na jina ni ya kumwaga, hata kama aliyeileta anaapa ni ya mkewe. Kwa hiyo mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyeacha hospitali akaenda kwa watafiti wa wanyamapori, aliponiambia kwamba siku hizi anapima homoni za ovari za majike ya msituni kwa kutumia mkojo wao, habari za mashine sikumuuliza. Nilimuuliza: mnajuaje ni wa nani?

Akacheka. Akasema hilo ndilo swali lenyewe, na kwamba mashine ni kazi ya wiki mbili tu mwishoni mwa mwaka.

Nimesoma mengi tangu siku ile. Historia ya kazi hii huandikwa kama historia ya vipimo: nani aligundua kemikali gani, nani alipata tuzo. Mimi nimeisoma kwa macho ya mtu wa dirishani, na naona kila hatua iligota kwenye maswali yale yale mawili, la jina na la friji.

Kabla ya wanyama wa msituni kulikuwa na panya. Mwaka 1928, huko Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walieleza kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito ukidungwa kwa panya jike ambaye hajapevuka, ovari zake huamka ndani ya siku chache. Kuona jibu ilibidi panya auawe, apasuliwe. Baadaye, kutokana na majaribio ya Lancelot Hogben aliyekuwa akifundisha Cape Town, akapatikana chura wa Afrika Kusini aitwaye Xenopus. Huyu ukimdunga mkojo wa mjamzito jioni, asubuhi unakuta ametaga mayai, na yeye mwenyewe bado mzima, tayari kwa mgonjwa mwingine. Vyura hao walisafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, na hospitali nyingi ziliwafuga kwenye matangi hadi miaka ya 1960. Walimu walionifundisha waliwasimulia vyura hao kama watu wanavyosimulia mfanyakazi mwenza mwaminifu.

Wakati huo huo wanakemia walikuwa wanautafuta mkojo kwa ndoo. Mwaka 1929 Edward Doisy huko St. Louis, na Adolf Butenandt huko Göttingen, kila mmoja kivyake, walifanikiwa kutenga homoni ya ovari, estroni, kutoka kwenye mkojo wa wanawake wajawazito. Mbona mkojo, wakati ovari huimwaga homoni hiyo kwenye damu? Sababu iko kwenye ini. Homoni ya ovari ni kitu cha mafuta, haiyeyuki vizuri katika maji. Mwili ukishamaliza kuitumia, ini huifunga pamoja na aina ya asidi ya sukari ili iyeyuke, figo zikaichuja, ikatoka. Damu hukuonyesha kilichopo dakika ile ile sindano inapoingia. Mkojo wa asubuhi hukukusanyia hesabu ya usiku mzima, tena homoni ikiwa imekolea kuliko ilivyo kwenye damu. Katika muongo wa 1930, Eleanor Venning na J.S.L. Browne huko Montreal walionyesha kwamba projesteroni, homoni ya nusu ya pili ya mwezi wa mwanamke na ya mimba, hutoka mkojoni kwa sura ya kitu kiitwacho pregnanedioli. Ikipanda, yai limeshatoka. Ikipanda isishuke, kuna mtoto.

Basi elimu ilikuwepo zamani. Kilichokosekana ni kipimo cha kutosheka na kidogo. Wanakemia wa enzi ile walitaka mkojo wa saa 24 kwenye galoni. Tumbili hutoa kijiko, na hicho kijiko hukimwaga mchangani.

Hapo ndipo wanapoingia Rosalyn Yalow na Solomon Berson, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walitumia kingamwili kukamata homoni moja tu kati ya maelfu ya vitu, na mionzi kuihesabu, hata ikiwa ni kiasi ambacho mizani yoyote ingecheka. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki miaka mitano kabla. Mwaka 1971 Waswidi, Eva Engvall na Peter Perlmann, walionyesha kwamba kazi ya mionzi inaweza kufanywa na kimeng'enya kinachobadilisha rangi. Kwetu sisi wa maabara ndogo hiyo ndiyo ilikuwa nafuu hasa: sahani ya plastiki yenye vishimo 96, rangi inakolea au inapauka, hakuna takataka za mionzi za kuzika.

Mmoja wa watu wa kwanza kuuona mkojo wa wanyama wa kila aina kama kazi ya kudumu alikuwa Bill Lasley, katika bustani ya wanyama ya San Diego, ambako mtaalamu wa vinasaba Kurt Benirschke alikuwa akijenga kituo cha utafiti. Moja ya shida zao za mwanzo ilikuwa ya kuchekesha. Walikuwa na ndege adimu ambao dume na jike wanafanana kabisa, na haiwezekani kuozesha usichokijua. Wakapima homoni kwenye kinyesi cha ndege hao wakawatenganisha. Nyani na tumbili wa vizimbani walifuata, kwa sinia lililowekwa chini ya sakafu ya waya. Lasley alihamia chuo kikuu cha Davis, California, na kingamwili za mwenzake wa huko, Coralie Munro, zimetumika katika maabara za nchi nyingi. Ukisoma ripoti za wanyamapori utalikuta jina lake kwenye sehemu ya mbinu, ile ambayo wasomaji wengi huiruka.

Kizimbani, swali la jina limejibiwa na kufuli. Porini ni mambo mengine.

Nikupe mfano wa njia ya damu, ili uone kwa nini watu walihangaika na mkojo. Kuanzia mwaka 1978 Robert Sapolsky alikuwa akiwavizia nyani wa Maasai Mara kwa bomba la kupuliza lenye sindano ya usingizi, apate damu ya kupimia homoni za msongo. Alifanya kazi nzuri, lakini kwa madume. Jike la nyani karibu muda wote ana mimba au ana mtoto kifuani, na huwezi kumwangusha kwa dawa ukiwa na dhamiri. Yaani njia ya sindano iliwaacha nje wale wale wenye ovari.

Kusini-mashariki ya hapo, chini ya Kilimanjaro, tumbili wa Amboseli walikuwa wanajulikana kwa majina. Thomas Struhsaker aliwaanza mwaka 1963, na kuanzia 1977 Dorothy Cheney na Robert Seyfarth wakawafuata miaka mingi. Wao ndio waliothibitisha kwa majaribio ya kinasa sauti kwamba tumbili ana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Waliwatambua mmoja mmoja, kwa sura, kwa kovu, kwa sikio lililochanika. Kulikuwa na dume mmoja kwa jina Kitui, ambaye dume mgeni alipokaribia kundi alipiga mlio wa chui ili mgeni asithubutu kushuka mtini. Kisha Kitui mwenyewe akashuka, akatembea uwanda mtupu huku bado analia chui, chui. Mwongo asiye na kumbukumbu. Lakini ona faida yake kwetu: kundi ambalo mwongo wake ana jina ni kundi ambalo chupa ya mkojo inaweza kuandikwa jina.

Mwaka 1985 ilitoka ripoti ambayo kwangu ndiyo mwanzo wa kazi hii katika Afrika Mashariki. Waandishi wake ni Sandy Andelman, aliyekuwa akiwachunguza tumbili hao wa Amboseli. Mwingine ni James Else wa taasisi ya utafiti wa nyani na jamaa zao, ile ambayo Louis Leakey aliianzisha Tigoni mwaka 1960 na ambayo baadaye ilihamia msitu wa Oloolua, Karen. Na wawili wa London, John Hearn na Keith Hodges. Walichukua kitu kile kile cha Venning na Browne, pregnanedioli iliyofungwa na ini, wakakipima kwenye mkojo wa tumbili wa mwituni, wakakilinganisha na yale waliyoyaona kwa macho: nani kapandwa lini, nani kazaa lini. Kwa njia hiyo mimba ya tumbili wa porini iliweza kusomwa kabla tumbo halijaonekana, bila mtego, bila sindano.

Uzito wa jambo hili unautambua ukimjua tumbili jike. Jike la nyani akikaribia kutoa yai, makalio yake huvimba na kuwa mekundu, na hata mtalii aliyefika jana huona. Tumbili jike hana tangazo lolote. (Mwenye rangi kwao ni dume, mwenye korodani za buluu kama za kupakwa.) Miaka miwili baada ya ripoti ile Andelman aliandika kuhusu siri hiyo: jike la tumbili hukubali madume katika siku nyingi ambazo haziwezi kumpa mimba, hata akiwa ameshaibeba. Dume hajui. Mtafiti mwenye darubini naye hajui. Anayejua ni mkojo peke yake.

Bahati pia iliwasaidia, na hili watu wa maabara tulipende. Ini la kila mnyama lina desturi yake. Kwa mwanamke, pregnanedioli ni njia kuu ya projesteroni kutokea, na kwa tumbili ilitosha kusomeka. Kwa kima wale wa Asia waitwao rhesus, ambao maabara za dunia zimewatumia kuliko wote, sehemu kubwa hutoka kwa sura nyingine kabisa, na kipimo cha wanawake kikiletwa kwao bila kurekebishwa hudanganya. Ndiyo maana sampuli za mnyama mpya lazima kwanza zilinganishwe na jike ambaye hali yake inajulikana. Nimewahi kuona watu wananunua kipimo, wanasoma karatasi ya maelekezo, wanaanza. Kinatoa namba, naam. Kipimo chochote hutoa namba.

Jambo la pili ni maji. Jike aliyekunywa mtoni asubuhi ana mkojo mwepesi, aliyeshinda juani ana mzito, na homoni ile ile itaonekana ndogo kwa huyu na kubwa kwa yule. Kwa hiyo hupimwa pia kreatinini, taka ya misuli ambayo mwili huitoa kwa kasi isiyobadilika sana, kisha homoni ikagawanywa kwayo. Tulifanya hivyo hivyo kwa wagonjwa wa figo. Wengine hutumia kioo kidogo cha mkononi cha kupimia uzito wa mkojo, tone moja tu, unatazama kwenye mwanga kama unatazama yai viza.

Halafu friji. Yeyote aliyefanya kazi hospitali ya mbali na mji anaujua ule ukimya wa friza iliyozima usiku. Mkojo wenye homoni unataka kugandishwa mapema, ukae umeganda hadi maabara, na maabara mara nyingi ilikuwa ng'ambo. Msituni hiyo ilimaanisha mitungi ya nitrojeni ya maji au jenereta, na dereva wa kuzihudumia. Huko Mikumi, Tanzania, Samuel Wasser akaona afadhali akiache kabisa kile kijiko mchangani. Mwaka 1991 yeye na wenzake walitoa njia ya haraka ya kuchota homoni za ovari kutoka kwenye kinyesi cha nyani wa manjano wa mwituni. Kinyesi hakikauki kwa dakika moja, hakipotei mchangani, na mtu anaweza kuona kimetoka kwa nani akangoja mwenyewe aondoke. Huko Amboseli, mradi wa nyani ulioendelea bila kukatika tangu 1971 nao umeshika njia hiyo: kinyesi huwekwa kwenye spiriti, hukaushwa Nairobi, kisha huvushwa bahari kikiwa unga. Wasser ndiye yule aliyekuja kufuatilia pembe za ndovu zilizoibwa kwa kulinganisha vinasaba vyake na vya mavi ya tembo. Kumbe mavi ya Mikumi yalikuwa shule.

Kinyesi kina kasoro yake, hukueleza ya jana au ya juzi, wakati mkojo hueleza ya saa chache zilizopita. Kwa hiyo mkojo haukufa. Cheryl Knott, katika msitu wa Gunung Palung huko Borneo, hakuwa na friza, naye alifuata orangutani wanaolala juu sana. Akautandazia mkojo wao plastiki chini ya mti, akaudondoshea kwenye karatasi ya kuchujia, akaianika. Karatasi kavu haihitaji jenereta. Kwa karatasi hizo alionyesha kwamba matunda ya msitu yakiadimika, majike hutoa ketoni, dalili ya mwili unaokula mafuta yake wenyewe, na homoni zao za ovari hushuka.

Kwamba njaa hunyamazisha ovari, Peter Ellison wa Harvard alikuwa ameshaliona kwa wanadamu, tena jirani yetu. Miaka ya 1980 yeye na wenzake walipima mate ya wanawake Walese wa Ituri, Kongo, wakulima wanaoishi na Waefe wa msituni. Miezi ya kabla ya mavuno, ghala zikiwa tupu na watu wamekonda, projesteroni ilishuka. Hakuna bibi wa Ituri aliyehitaji kuambiwa hivyo, lakini sasa kulikuwa na namba. Kutoka maabara ya Ellison akatokea Melissa Emery Thompson, aliyepeleka swali lile lile kwa sokwe wa Kanyawara, katika msitu wa Kibale, Uganda, wanaofuatiliwa na mradi wa Richard Wrangham tangu 1987. Mkojo ukajibu kwamba jike anayeishi penye miti mizuri ya matunda ana homoni za ovari nyingi zaidi kuliko mwenzake wa pembeni, na huzaa kwa nafasi fupi zaidi.

Yule mwanafunzi wangu alinichukua nikaone kazi hiyo Uganda. Tuliingia msituni kabla ya kupambazuka, kwa tochi, tukasimama chini ya mti ambao sokwe walijengea viota jana yake jioni. Sokwe akiamka hufanya kama mtu, hukojoa kwanza. Msaidizi wa utafiti, kijana wa vijiji vya pembeni ya msitu, alikuwa na ufito mrefu wenye panda mwishoni, na kwenye panda amefunga mfuko wa nailoni. Alinisogeza kando kwa mkono akaninong'oneza, "Mama, ukitazama juu, funga mdomo."

Majani ya juu yakatikisika. Akataja jina la jike kabla sijaona hata kivuli, akateleza hatua mbili na mfuko wake hewani, na yale matone yakaanza kupiga nailoni. Mengi yalimpita. Akapiga magoti, akaanza kufyonza yaliyobaki juu ya majani mapana kwa bomba la plastiki, tone moja moja, akiruka jani lenye kinyesi na jani ambalo sokwe mwingine alilifikia. Aliandika jina, saa na tarehe kwenye kichupa kabla hajainuka. Kabla hajainuka! Nilitaka kumpeleka kwenye kila maabara niliyofanya kazi akawafundishe vijana. Kichupa kikaingia kwenye chombo chenye barafu, na mchana kikafika friza ya kambini. Nilimuuliza alijuaje ni yule jike, gizani. Akasema anamjua tangu hajazaa mtoto wa kwanza, na kwamba alikohoa.

Kibale hiyo hiyo, upande wa Ngogo, ndiko mkojo ulikosomwa hivi karibuni kwa jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Mwaka 2007 Emery Thompson na wenzake walikusanya rekodi za jamii kadhaa za sokwe wakaona kwamba majike huendelea kuzaa karibu hadi kufa, hivyo kukoma hedhi kungekuwa jambo la binadamu. Mwaka 2023 Brian Wood na wenzake, naye Emery Thompson akiwemo, walitoa matokeo ya Ngogo: sampuli 560 za mkojo wa majike 66, wa umri wa miaka 14 hadi 67. Baada ya 50 hakuna aliyezaa, na wapo walioishi miaka mingi zaidi ya hapo. Mkojo wa hao wazee ulikuwa na sura ninayoijua kutoka kwenye fomu za wagonjwa wangu, na kutoka kwenye fomu yangu: homoni za ovari chini, na zile za tezi ya ubongoni zinazoziita ovari zikiwa juu, zinaita bila kuitikiwa.

Wanasayansi wanabishana kwa nini. Maelezo maarufu kwa binadamu ni kwamba bibi huacha kuzaa ili asaidie wajukuu, lakini binti wa sokwe akipevuka kwa kawaida huhamia jamii nyingine, na bibi hubaki bila mjukuu wa binti wa kumlea. Labda ni kwa sababu Ngogo wanakula vizuri na chui ni wachache, wazee wanapata nafasi ya kuzeeka. Mwanafunzi wangu ana maoni yake na mimi nina yangu. Yeye sasa ana friza mbili kambini, na ya pili ni ya akiba, umeme ukikatika.